Nyumba Inayotazamwa na Barabara

Louisville, 16 Februari 2025

Dada Fides,

Usishtuke kuona bahasha. Sijafungwa, siumwi, sijaoa. Naandika kwa karatasi kwa sababu nikikutumia sauti kwenye simu wanao wanaiwahi, Kabera anaifungulia sebuleni, Agata anacheka, na mtaa wenu wote wa Morse Road hapo Columbus unajua habari zangu. Mwanaume mwenye hadhi haishi hivyo.

Na hadhi ninayo sasa. Ghalani sibebi tena maboksi, naendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo. Watu wananipisha. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mdogo wako, yule aliyeacha shule darasa la kumi mkasema atapotea, amekuwa mtaalamu wa nyumba.

Nimepanga chumba cha chini kwa Bibi Lin, mjane wa Kichina. Siku ya kwanza alishuka kuniletea ufunguo, akaona kitanda changu, miguu inaelekea mlangoni. Alipiga ukelele kama ameona nyoka! Akakishika mwenyewe, kibibi chepesi kama ungo, akakigeuza. Kiingereza chake kibovu kama changu, kwa hiyo tunaelewana sana. Akaniambia: hivyo ndivyo maiti wanavyotolewa. Tangu siku hiyo kila Jumapili napanda kunywa chai yake isiyo na sukari, ananifundisha feng shui. Maana yake upepo na maji. Ni elimu ya kuijua nyumba kabla hujaingiza mguu: imekaa wapi, mgongoni ina nini, mlango unatazama nini, barabara inapita vipi. Watu wanaangalia jiko na rangi za ukuta. Washamba. Wewe angalia mahali.

Naandika haya kwa sababu nimesikia, kwa Kabera, siyo kwako, kwamba shemeji Methodi yuko Buffalo tangu Krismasi, anafanya kazi kiwandani na kaka yake Aloisi, na mnatafuta nyumba ya kununua huko ili nanyi mumfuate shule zikifungwa. Hukuniambia. Sawa. Lakini msinunue bila mimi, mtajuta.

Kutoka hapa mpaka Morse Road ni safari ya asubuhi moja. Mpaka Buffalo ni siku nzima. Niliangalia kwenye simu, kwa sababu za kitaalamu tu.

Mtaalamu,
Kwizera


Columbus, 2 Machi 2025

Mdogo wangu Kwizera,

Barua yako imefika ikinuka kadibodi. Nimeisoma ndani ya gari, nje ya nyumba ya wazee ninapofanya kazi, nikachelewa kuingia na supavaiza akaninunia. Alidhani nimefiwa. Nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Mwaka na zaidi hujaniandikia neno la maana. Kwenye simu ni "niko poa, dada", halafu umekata. Leo unakuja na upepo na maji.

Haya, mtaalamu. Unajua kwetu hakuna aliyewahi kuchagua mahali pa nyumba. Kule kambini Nyarugusu alikuja mtu na kamba na vigingi, akasema hapa wewe, pale yule, mlango uangalie huku. Tulipofika Amerika tukapewa apatimenti, ufunguo ukiwa tayari. Sasa tunaambiwa chagueni, na mimi naogopa kuliko nilivyoogopa ndege.

Nakuwekea picha. Methodi aliipiga. Nyumba ina paa jekundu, iko karibu na basi na kanisa. Nyuma kuna makaburi, ya zamani, yenye miti mizuri. Vyumba vitatu: chetu, cha Agata, cha Kabera. Nimemwambia shemeji yako asubiri neno lako.

Je, unakula? Usinijibu kuhusu foklifti. Chakula.

Dada yako,
Fides


Louisville, 9 Machi 2025

Dada,

Makaburi! Dada, kweli? Nimempelekea Bibi Lin ile picha, hakumaliza kuitazama, ameifunika kwa sahani. Nyumba inahitaji mgongo. Mgongo mzuri ni kilima, au nyumba ya jirani iliyo ndefu kuliko yako, kitu cha kuegemea. Nyie mnataka kuegemea wafu. Watoto wataugua. Utamsikia Kabera anaongea na watu usiowaona, na tayari anaongea sana.

Hapana. Nimekataa. Mwambie shemeji mtaalamu amekataa.

Vyumba vitatu, umesema. Chenu, cha Agata, cha Kabera. Nimeona. Hesabu imekamilika kabisa, hakuna kilichozidi. Naitaja kwa sababu ya feng shui, siyo kwa sababu nyingine.

Kuhusu chakula: nakula kama mfalme. Ghalani mashine inauza chipsi za kila rangi. Nyumbani napika ugali wa mtu mmoja. Umewahi kupika ugali wa mtu mmoja? Hauivi vizuri, dada. Unga haushikani. Sijui ni kwa nini, hata Bibi Lin hajui.

Kwizera


Columbus, 30 Machi 2025

Mdogo wangu,

Ile ya makaburi imeachwa. Usijivune sana. Hata Mama asingeikubali.

Hapa ni mimi na watoto. Jioni nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, kisha kila mmoja na simu yake. Methodi akipiga, tunamwegemeza kwenye chupa ya maji mezani, anatutazama tukila. Jana aliuliza, "Mmepika nini?" Kabera akamwonyesha sahani. Baba wa watu akasogea karibu na kioo kama atanusa. Niliondoka mezani nikajifanya nafuata chumvi.

Nyumba ya pili hii hapa. Ina rangi ya maziwa. Nyuma kuna jirani mwenye ghorofa, kwa hiyo mgongo upo, nimekusikia. Ukifungua mlango wa mbele unaona korido, na mwisho wa korido kuna mlango wa nyuma, mwanga unapita moja kwa moja. Nimeipenda kwa huo mwanga. Vyumba vitatu.

Unakumbuka mlango wa Mama? Nyumba zote za mstari wetu zilitazama jikoni kwa jirani kama alivyoamuru mwenye vigingi. Mama akaziba mlango kwa matofali akatoboa mwingine upande wa barabara. Mwenyekiti wa zoni alikuja kufoka, Mama akampa maji ya kunywa na kiti, mwenyekiti akakaa, akafoka akiwa amekaa. Mlango ukabaki. Jioni ukirudi kutoka kuni ulimwona kabla hujafika, naye alikuona.

Jibu upesi.

Fides


Louisville, 6 Aprili 2025

Dada Fides,

Nimejibu upesi kwa sababu ni hatari. Mlango wa mbele na wa nyuma ikitazamana, baraka inaingia huku, inatokea kule, haina hata muda wa kuvua viatu. Huo mwanga ulioupenda ndio bahati yenu ikikimbia. Nimekataa. Na mvua nayo, theluji nayo, ziwa lile linawatemea theluji mpaka Aprili. Buffalo nzima ina matatizo ya upepo na maji, ukitaka maoni yangu. Louisville je? Hapa mto upo, vilima vipo, na kuna Wakongo kila kona. Josiane wa ghalani kwetu, Mkongo wa Bukavu, ananiambia kwa Kiswahili chake cha Kifaransa, "Donc wewe ndiyo mganga ya nyumba?" Nikamwambia mimi si mganga, mimi ni mhandisi wa upepo. Akacheka mpaka akadondosha skana.

Nikwambie ya Bibi Lin. Nyumba yake haina kosa hata moja. Kilima mgongoni, kidimbwi mbele. Barabara haiji kwake moja kwa moja, inapinda kwa adabu na kupita. Juu ya mlango ametundika kioo kidogo chenye pembe nane, cha kurudisha ubaya wowote unaokuja na njia. Chochote kinachokuja kimenyooka, kioo kinakirudisha kilikotoka. Nyumba kama mtihani uliopata mia. Nimekaa humo mwaka, na sijaona mgeni akibisha. Mwanawe yuko California, anapiga simu mwaka mpya wao. Mimi na posta tu.

Sikuandika hayo ili unihurumie. Nakueleza elimu.

Kwizera


Buffalo, 27 Aprili 2025

Shemeji Kwizera,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Kalamu ninayotumia ni ya mtoto wa Aloisi, ina kichwa cha sungura. Unisamehe.

Nimepata nyumba. Ni ya mbao, ina ghorofa na baraza mbele. Nilikwenda siku ya mvua. Nikasimama nje, sikuingia, nikaangalia maji yanaelekea wapi. Dalali akafungua mwavuli wake, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ngoja. Maji yakaondoka kwenye nyumba, yakateremka nyuma kwenye mfereji. Ndipo nikaingia. Yeye hajui kuishi kambini, hajui mtu anaweza kuamka godoro linaelea.

Sasa shida. Nyumba imesimama penye mwisho wa barabara. Barabara inatoka mbali, imenyooka kama rula, inakuja mpaka mbele ya baraza, hapo inagota na kugawanyika kushoto na kulia. Ukisimama mlangoni unaona mpaka taa za njia kuu. Sijui wataalamu mnasema nini. Fides amenipa sharti: ukisema hapana, hasaini. Nilikasirika, sitakuficha. Nikasema, nyumba yangu iamuliwe na kijana wa foklifti na bibi wa Kichina? Mwenye nyumba anataka jibu, na kuna watu wengine wanaitaka.

Kisha hasira ikapita. Nalala kwenye kochi la Aloisi. Ni watu wazuri, hawajanikosea kitu. Lakini miguu inabaki nje, na asubuhi watoto wanapita wakitafuta viatu, nami nafumba macho nijifanye nimelala ili wasijisikie vibaya. Wiki iliyopita, nikiwa nimefumba macho hivyo, nilikukumbuka. Ulipokuwa kwangu Columbus, ukilala kwenye kochi letu, asubuhi nikipita kwenda kazini, ulikuwa unajifanya umelala, siyo? Nami nilikuwa nikisema moyoni, kijana huyu ana usingizi.

Jumapili nikitoka kanisani nasimamisha gari mbele ya nyumba ile. Nawaza Agata ataketi ngazi ipi. Halafu narudi kwenye kochi.

Tazama kwa haki, shemeji. Ukisema mbaya, nitaiacha.

Methodi


Louisville, 4 Mei 2025

Shemeji Methodi,

Heshima kwako na kwa sungura.

Sungura wako anaandika vizuri kuliko supavaiza wangu. Nimeisoma barua yako kantini, nikaisoma tena kwenye foklifti, nikagonga rafu. Hakuna aliyeumia. Maboksi ya viatu tu.

Ulisema nitazame kwa haki. Basi sikia haki. Kwa elimu yangu, hiyo ndiyo nyumba mbaya kuliko zote mlizonionyesha. Makaburi ni afadhali. Barabara inayokuja kunyooka na kugota mlangoni ni mshale, na nyie mmejiweka pale mshale unapochoma. Nilimchorea Bibi Lin kwa kijiko kwenye unga. Hakupiga hata ukelele. Alifuta ule mchoro kwa kiganja, akanitengenezea chai.

Nilikaa na karatasi mbele yangu nikitaka kuandika "hapana". Ni neno rahisi, nina mazoezi nalo. Ningeliandika na hakuna ambaye angenibishia, maana safari hii ni kweli.

Lakini nikaukumbuka mlango wa Mama. Fides amekusimulia? Na wewe ulilelewa Nyarugusu, unajua mistari ile. Mama alikuwa na mlango uliokaa vizuri kwa amri ya wakubwa, akauziba, akaenda kujitobolea mshale wake mwenyewe. Alitaka kuona nani anakuja. Kwa feng shui Mama alipata sifuri. Na mimi nikiwa na mzigo wa kuni kichwani, mtoto, giza linaingia, niliuona ule mlango kutoka mbali na miguu ikajua pa kwenda.

Nunua, shemeji. Mwambie dada mtaalamu ametia sahihi. Agata akae ngazi ya juu kabisa.

Ila mtundike kioo. Nakituma kwenye boksi hili, nimekizungushia soksi zangu, ni safi. Nilimwomba Bibi Lin aniambie duka wanakouza. Akapanda kwenye kiti, akang'oa kile cha mlangoni pake. Nilimkataza. Akasema huku kwake hakiji kitu tena, kioo kinachoka bure. Kitundikeni juu ya mlango, kitazame barabara. Kila kinachokuja kimenyooka kitarudi kilikotoka.

Na kochi la kwenu, ndiyo, nilikuwa najifanya. Unakoroma ukivaa viatu, unajua? Mtu mzima anakoroma akiwa macho.

Sikuuliza nyumba hii ina vyumba vingapi. Umeona? Sikuuliza.

Shemeji yako,
Kwizera


Columbus, 18 Mei 2025

Mdogo wangu Kwizera,

Tulikwenda Buffalo wote, tumesaini. Niliandika jina langu kama mtoto wa chekechea. Methodi aliniegemezea bega. Kabera akauliza kama sasa ataruhusiwa kupiga misumari ukutani. Kioo chako kilifika, kimetundikwa, soksi zimefuliwa upya kwa sababu hazikuwa safi.

Sasa kaa chini nikuseme.

Unadhani mimi sikujua kwa nini ulikuwa unazikataa nyumba? Ile ya pili, ya rangi ya maziwa, Methodi alikuwa ameshaikataa kabla sijakuandikia. Paa lilivuja. Nilikutumia tu. Nilikupigia simu mwaka mzima ukawa unakata. Nikakuuliza nyumba moja, ukajibu wiki ileile, karatasi mbili, na habari za ugali ndani yake. Nikasema basi, nitakuwa namtumia nyumba. Ningekutumia nyumba za Buffalo nzima.

Na vile vyumba vitatu nilikuwa nakuandikia makusudi, nikingoja uulize, "Dada, na mimi?" Hukuuliza. Kujisifu unajua, kuomba hujui. Nikawa nasoma barua zako, nikifika mahali unaposema "kwa sababu za kitaalamu", natua kidogo.

Safari hii, kwa mara ya kwanza, ungeuliza ungejibiwa. Ni vinne. Methodi alitaka akwambie mwenyewe kwenye barua ile, akashindwa. Anasema alifikiri utadhani anakununua ili ukubali. Cha nne kiko juu, chini ya paa. Dirisha lake linatazama ile barabara yako mbaya. Agata amekiandika mlangoni kwa chaki, kwa Kiswahili, bila kuambiwa: CHUMBA CHA MJOMBA. Methodi amenunua kitanda. Kimesimama ukutani mpaka leo, hakukilaza. Anasema haijui elimu yako, miguu ielekee wapi, atangoja mwenye kujua.

Shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni. Tutahama wikiendi ile.

Siandiki mengine. Jibu.

Dada yako,
Fides


Louisville, 1 Juni 2025

Dada Fides na shemeji Methodi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu mtu mwenye shughuli kama mimi hana nafasi. Pia nilianza barua hii mara kadhaa na kila mara karatasi ikalowa. Ni chai.

Nakuja kukagua. Kukagua tu, msianze kupiga vigelegele. Mtaalamu hawezi kuidhinisha nyumba kwa picha, lazima aje na dira yake, apime, alale humo kidogo, aone usingizi unakuja kutoka upande gani. Inaweza kuchukua muda. Inaweza kuchukua muda mrefu sana. Shemeji, muulize Aloisi kama kiwandani kwenu wana foklifti isiyo na dereva mzuri. Kitanda msikiguse.

Nilimwambia Bibi Lin Jumapili. Alimimina chai, akaimimina mpaka ikafurika sahanini, akaendelea. Kisha akauliza jambo moja: ile nyumba ya mshale? Nikasema ndiyo. Akaniuliza nani anakaa humo. Nikamtajia wote, mpaka Kabera. Akayarudia majina kwa ulimi wake, "Agata, Kabera," akaharibu yote mawili, akatingisha kichwa kama mtu anayesoma hesabu na kuona imetoka. Jana nilimletea kioo kipya cha mlangoni, nikapanda kwenye kiti kukitundika. Akanishika suruali akanishusha. Hakitaki. Msumari umebaki mtupu pale juu. Anasema niache wazi, labda siku moja nitapita tena.

Nimemwandikia anwani na namba yenu ya simu kwa herufi kubwa, ameibandika kwenye friji karibu na picha ya mwanawe. Mumpokee akipiga simu. Hatamaliza sentensi, lakini mngojeni.

Nitatoka hapa Jumamosi tarehe kumi na nne, asubuhi. Nitafika jua likiwa linaelekea ziwani. Mkiketi barazani mtaniona tangu kwenye taa za njia kuu. Gari ni la kijivu, taa moja ya mbele ni ya manjano kuliko mwenzake.

Ila nawaomba kitu, na hiki naomba kweli, dada, umenisikia, naomba. Kile kioo kishusheni. Kinarudisha kila kinachokuja na barabara kimenyooka, na Jumamosi hiyo kinachokuja kimenyooka ni mimi.

Ndugu yenu,
Kwizera